Space Invaders: maadui wangu wanatembea mwendo uleule, na huyu Nishikado alikuwa nani haswa?

kijana_wa_nyalenda

Habari zenu wakuu. Niko Kisumu hapa, nasoma mambo ya kompyuta, na projekti yangu ya muhula huu nimeamua nitengeneze upya Space Invaders, ile gemu ya zamani ya kupiga viumbe wanashuka kutoka juu, hata kama hujawahi kuicheza lazima umeiona kwa tisheti ya mtu. Nimeiandika kwa Python na imetoka fiti kusema ukweli. Viumbe ni 55, safu 5 za 11, ngome nne za kujifichia ziko, kamzinga kako chini kanaenda kushoto na kulia, na huwezi kupiga risasi ya pili kabla ya ya kwanza igonge kitu ama ipotelee juu.

Shida ni moja tu. Kwa ile ya kwanza kabisa ukianza kuwapunguza wanaanza kuharakisha, na akibaki mmoja anakimbia mpaka unapiga hewa. Yangu mimi wakiwa 55 ni mwendo huo, wakiwa 20 ni huo, akibaki mmoja anajitembelea tu polepole kama hajui ndugu zake wameisha. Inaboesha vibaya sana. Ndogo wangu aliicheza kidogo akaniachia laptopu akaenda zake nje.

Sasa mwalimu wetu alisema darasani ati ile spidi ilikuwa hitilafu, mashine ya wakati huo ilikuwa dhaifu, ikiwa na viumbe wengi inalemewa, wakipungua inapata nguvu, na ati aliyeitengeneza alibahatika tu. Hapo ndio swali lilinishika. Nikitafuta nani aliitengeneza napata Tomohiro Nishikado, kampuni ya Taito, Japani, 1978, na hapo maneno yanaishia. Huyu mtu alitoka wapi? Alikuwa ametengeneza nini kabla ya hiyo? Na ni ukweli ilimwangukia tu ama alijua anachofanya? Nitasimama mbele ya watu nieleze hii projekti na sitaki kusema "alibahatika" halafu mtu aniulize kivipi nibaki nikiangalia dari.

Wazee mliocheza zile mashine za sarafu mkiwa vijana pia mseme kitu.

---

nyar_kibuye

Omera si uongeze tu spidi wewe mwenyewe kila akifa mmoja, uende ulale 😂

---

fundi_wa_tv_nakuru

Kijana wangu, umeuliza swali zuri, wacha nikae chini nikujibu. Mimi nimekuwa fundi wa TV na redio hapa Nakuru tangu wakati TV ilikuwa na mgongo, kwa hivyo huyu Nishikado kwangu si mtu wa gemu kwanza, ni mtu wa sakiti, na usipomwangalia hivyo hutamwelewa.

Alizaliwa Osaka 1944. Akasomea elektroniki Tokyo Denki, chuo cha uhandisi. Alianzia kwa kampuni ya vyombo vya sauti, halafu mwisho wa miaka ya 60 akaingia upande wa Taito. Na hii Taito usifikirie ilianza na gemu. Ilianzishwa 1953 na jamaa anaitwa Michael Kogan, mzaliwa wa huko Urusi ya zamani, na biashara za kwanza zilikuwa vodka na mashine za kuuza vitu kwa sarafu, baadaye jukboksi. Mashine za kuchezea zilifuata baadaye, na zile za kwanza hazikuwa na kompyuta ndani hata kidogo, zilikuwa mota, taa, vioo na swichi. Nishikado alitengeneza moja ya ndege mwaka wa 1971 inaitwa Sky Fighter, unalenga ndege ambazo ni vitu vya kweli vinazungushwa huko ndani na unaviona kupitia kioo.

Halafu Pong, ile gemu ya tenisi ya vijiti viwili na mpira, ikatoka Marekani 1972. Taito ikataka yake. Sasa kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumfundisha, yeye alichukua bodi ya Pong akaisoma chipu moja moja mpaka akaelewa picha inatokaje kwa sakiti hadi kwa skrini. 1973 wakatoa Elepong, na mwaka huohuo akatoa Soccer, ambayo ilikuwa na wachezaji na magoli, si vijiti viwili tu na mpira.

Vijana wengi hamjui hili: hizo gemu zote hazikuwa na programu. Hakuna msimbo. Hakuna prosesa, ile chipu kubwa inayosoma programu na kuifuata. Kila kitu ni chipu ndogondogo za lojiki, zile za familia ya 74 ambazo ukipitia kwa fundi mzee yeyote bado utapata pakiti ziko kwa droo. Ukitaka mpira uruke ukigonga ukuta, unaunganisha waya ili sehemu ya sakiti inayosema "mpira uko hapa" na ile inayosema "ukuta uko hapa" zikikutana kwa wakati mmoja, geti inafunguka na mwelekeo unageuka. Gemu yote ni waya. Ukitaka kubadilisha sheria ya mchezo huandiki mstari mpya, unashika bunduki ya solda. Mimi nikiwaza mtu amekaa na bodi ya namna hiyo anatafuta mahali mpira unapotelea, ninachoka kwa niaba yake.

1974 akatoa Speed Race, mbio za magari, na usukani wa kweli mbele ya mashine. Barabara inapanuka na kuwa nyembamba, magari mengine unayapita. Midway, kampuni ya gemu ya Chicago, ikainunua ikauza kule kwa jina la Wheels. 1975 akatoa Western Gun, kauboi wawili wanapigana risasi, wachezaji wawili wanasimama bega kwa bega. Hiyo nayo ikaenda Midway, na hapo ndipo maisha ya huyu mtu yaligeuka. Wamarekani hawakuiuza jinsi ilivyo. Waliifanya upya kabisa na wakaweka prosesa ya Intel 8080 ndani, wakaiita Gun Fight. Hiyo ndiyo gemu ya kwanza ya kibiashara ya sarafu kutumia maikroprosesa. Nishikado alipoiona alisema mchezo wake ulikuwa mtamu zaidi lakini picha zao zilikuwa nzuri na mwendo laini. Akaona kumbe dunia imehama. Mtu wa waya akaanza kujifunza programu akiwa ameshapita miaka 30.

Na Japani wakati huo hakukuwa na vifaa vya kutengenezea gemu kwa prosesa. Kwa hivyo kabla atengeneze Space Invaders ilibidi atengeneze kwanza mashine ya kutengenezea. Kazi yote ilichukua kama mwaka mmoja. Bodi alibuni yeye, programu akaandika yeye, viumbe akachora yeye. Sasa niambie mtu wa namna hiyo unamwitaje "alibahatika".

---

bonface_kakamega

Mzee hapo juu heshima zako. Naongeza tu kwamba hio gemu ilichezwa sana Japani mpaka sarafu za yen 100 zikaisha nchi nzima, serikali ikalazimika kutengeneza zingine. Hio weka kwa presentesheni yako kijana, watu watashtuka.

---

dev_wa_milimani

@bonface_kakamega hio hadithi naijua na iko kila mahali ila usiiweke kijana, itakuaibisha mbele ya watu. Fikiria kidogo tu. Mashine ikijaa sarafu mwenye mashine anafanya nini nazo? Anafungua sanduku jioni, anapeleka benki, benki inazitoa tena kesho yake. Hakuna mtu anaweka sarafu ndani ya mashine zikae huko milele, na mashine iliyojaa haikubali hata sarafu ingine kwa hivyo mwenyewe ana haraka kuliko mtu yeyote ya kuifungua. Ilichezwa sana, hio ni kweli, mpaka kuna watu walifungua maduka mazima Japani yana Space Invaders peke yake, meza kwa meza, unakaa unaangalia chini kwa kioo cha meza. Hio sema. Ya sarafu wacha.

Sasa nirudi kwa swali la spidi maana hapo ndio naona mwalimu amesema nusu ya ukweli, na nusu imebaki ndio tamu.

Ni kweli prosesa ilikuwa ndogo. 8080 ya megaherzi 2. Memori ya kufanyia kazi na ya skrini zikiwekwa pamoja ni kilobaiti 8, na karibu zote, kilobaiti 7, ni za skrini peke yake, kwa sababu skrini ni pikseli 256 kwa 224 na kila pikseli ni biti moja, iwe imewaka ama imezimwa. Piga hesabu mwenyewe, 256 mara 224 gawanya kwa 8, unapata baiti 7,168. Programu inabaki na kilobaiti moja ya kukumbuka vitu vyote vya mchezo. Picha moja ya WhatsApp ya mtoto wa shangazi yako haiwezi kuingia hapo hata robo.

Na bodi haikuwa na kitu cha kukuchorea viumbe. Siku hizi unasema "weka picha hapa" na kadi ya grafiki inamaliza. Hapo ilibidi prosesa yenyewe ifute kiumbe biti kwa biti, isogee, ichore tena. Na 8080 kusogeza biti ilikuwa mzigo kwake, inasogeza moja moja, kwa hivyo kwa bodi kuliwekwa sakiti ya pembeni ya kufanya hio kazi tu: unaipa baiti, unaiambia sogeza biti tatu, inakurudishia imesogezwa. Fundi hapo juu atakubali hio ni akili ya mtu wa waya.

Lakini sasa sikiza. Mwalimu anasema ilikuwa inalemewa, yaani inajaribu kusogeza wote 55 na inachelewa. Hapana. Programu haijaribu kusogeza wote. Inasogeza MMOJA kwa kila fremu, yaani kila mara skrini inapochorwa. Skrini inachorwa upya mara 60 kwa sekunde, na kila mara programu inamwendea kiumbe mmoja tu aliye hai, inampeleka hatua, inamwachia, fremu inayofuata inaenda kwa jirani yake. Ni kama konda wa matatu anapita akikusanya nauli, hawezi kurudi kwako mpaka amalize kila mtu, na gari likiwa na watu watatu anakufikia tena saa hio hio.

Kwa hivyo wakiwa 55 kila mmoja anasubiri fremu 55 ndio zamu yake irudi, karibu sekunde nzima. Wakibaki 10 wanasogea mara 6 kwa sekunde. Akibaki mmoja kila fremu ni zake, hatua 60 kwa sekunde, na ndio unaona ukimpiga unapiga hewa.  Karibu spidi yote inatoka kwa foleni yenyewe.

Na ukiangalia video yake vizuri utaona kitu kingine, hawasogei kama ukuta, wanasogea kama wimbi, linaanza chini kushoto linapanda juu. Ndio hio foleni unaiona na macho.

Kwa hivyo yako kurekebisha ni rahisi na usimsikize nyar_kibuye. Saa hii naamini una lupu, ile sehemu ya programu inayojirudia, inapitia viumbe wote kila fremu inawasogeza wote. Toa hio. Weka namba moja inayokumbuka tumefika kwa kiumbe gani, kila fremu songeza huyo tu kisha namba iende kwa anayefuata aliye hai. Ukifika mwisho wa foleni ndio uangalie, je kuna mmoja amegusa ukingo? Kama yuko, mzunguko unaofuata wote wanashuka na mwelekeo unageuka. Usigeuze katikati ya mzunguko utaona maajabu, nusu wanaenda kulia nusu kushoto.

Kuhusu kubahatika: Nishikado mwenyewe aliliona hilo la kuharakisha akiwa anajenga, akaona linafanya mchezo uwe mkali kadiri unavyokaribia kushinda, akaliacha. Angeweza kulizuia, ni kuweka tu kungoja kidogo, mtu aliyejenga bodi nzima hashindwi na hilo. Halafu juu yake kukawekwa sauti, zile noti nne nzito zinajirudia, du du du du, nazo zinaharakisha wanapopungua. Hio sasa haikutoka kwa foleni, hio ilipangwa kabisa.

---

kijana_wa_nyalenda

Maze. Ni kweli lupu yangu inawasogeza wote. Hio ya wimbi niliona kwa video nikadhani ni ubovu wa rekodi.

Mzee fundi asante sana pia, sikujua kulikuwa na gemu hazina programu kabisa.

---

mama_wawili_bungoma

Mimi si mtu wa kompyuta ila watoto wangu wako kwa PS kila jumamosi, kibanda kiko nyuma ya nyumba tu, na nikipita nasikia kelele za bunduki na damu kwa skrini. Nauliza tu, hao viumbe wa hii gemu ni nini haswa? Maana naona kwa picha wanafanana na wadudu.

---

fundi_wa_tv_nakuru

Mama, swali lako lina jibu zuri kuliko unavyodhani.

Yeye mwanzo alikuwa anapenda sana gemu ya Breakout, ile ya Atari ya 1976, ya kuvunja matofali na mpira. Alitaka ile raha ya kumaliza kitu chote mpaka skrini iwe tupu, lakini badala ya matofali ziwe shabaha zinazokupiga pia. Hilo lilikuwa jipya: kabla ya hapo shabaha nyingi zilingoja kupigwa. Akajaribu vifaru, akajaribu ndege, lakini ndege kwa mashine ile mwendo wake haukutulia. Watu ndio walitembea vizuri. Askari wa miguu. Lakini kampuni ilikataa, walisema kupiga watu risasi si jambo la kuuzia watu mchezo. Ndio akageukia viumbe wa angani. Wakati huo kelele za Star Wars zilikuwa zimeshafika Japani kutoka Marekani, na yeye akakumbuka hadithi ya H.G. Wells ya viumbe wa Mirihi wanaofanana na pweza. Kwa hivyo safu za chini ni pweza, za katikati ni kaa, ya juu ni ngisi. Si wadudu, ni viumbe wa baharini wote 😄

Na pweza ukimpiga ni pointi 10, kaa 20, ngisi 30.

---

mama_wawili_bungoma

Ahaa. Basi hiyo kampuni ya zamani ilikuwa na adabu. Asante baba.

---

bonface_kakamega

Sawa ya sarafu nimeskia @dev_wa_milimani ila sijamaliza 😅. Mbona basi huyu mtu hajulikani? Mtoto wa darasa la sita anajua Messi, mtu aliyetengeneza kitu kilichezwa dunia nzima tunamtafuta hapa kama shahidi wa kesi. Angekuwa tajiri huyo.

---

dev_wa_milimani

Tajiri wa nini. Alikuwa mwajiriwa. Kampuni za gemu za Japani siku hizo zilikuwa zinaficha majina ya watu wao, washindani wasije wakawanyakua, kwa hivyo kwa mashine hakuna jina lake popote. Midway wakaiuza Marekani, Atari wakaipeleka kwa mashine yao ya nyumbani 1980 na ikauza hio mashine vibaya sana, watu walinunua mashine kwa sababu ya gemu moja, na katika hio yote yeye anapokea mshahara wake mwisho wa mwezi kama mimi na wewe.

Na malipo yake ikawa nini? Kupandishwa cheo. Ofisi zote ni moja, mtu akijua kufanya kitu anapewa kiti cha kusimamia wengine wafanye. Baada ya Space Invaders wakamweka mambo ya usimamizi na vifaa, na gemu akawa anazifanya kidogo kuliko zamani. Alikaa Taito mpaka 1996 ndio akatoka akaanzisha kampuni yake, Dreams. Dunia ilikuja kumjua vizuri baadaye sana, waandishi walipoanza kumtafuta akiwa mzee.

Mi hapo ndio huwa nakasirika kidogo, si kwa pesa. Ni kwamba alikuwa na miaka 34 tu 1978, amejifunza prosesa juzi, mtu kama huyo ukimwacha na bodi yake miaka mingine kumi angetoa nini? Yule Miyamoto wa Mario amewahi kusema Space Invaders ndio ilimvuta kwa hizi mambo. Yaani wengine wakaanza mbio penye yeye alitolewa.

---

fundi_wa_tv_nakuru

Mimi hapo siungani na wewe sana, dev. Mtu aliyefanya Sky Fighter kwa mota na vioo, Soccer kwa chipu za lojiki, Speed Race na usukani, Western Gun, halafu akahamia prosesa akatoa hii, huyo alikuwa amefanya kazi ya maisha mawili kabla afike miaka 35. Wengine wetu tumekaa na teknolojia moja mpaka ikafa mikononi mwetu. Na kusimamia vijana wanaojenga vifaa si adhabu, hata mimi nikipata kijana wa kushika solda macho yangu yatapumzika.

Kitu kimoja kingine mtakachopenda. Ile rangi. Mashine za kwanza hazikuwa na rangi, skrini ni nyeusi na nyeupe kama TV ya shosho. Midway waliweka karatasi za plastiki za rangi juu ya kioo, kijani kule chini penye mzinga na ngome, nyekundu hivi kule juu kabisa penye kile chombo cha angani cha pointi za ziada kinapita. Kwa hivyo kiumbe akishuka akifika chini anageuka kijani, si kwa sababu programu imesema, ni kwa sababu amepita nyuma ya plastiki. Na zile za kusimama, picha ilikuwa inaakisiwa kwa kioo juu ya mchoro wa mwezi uliochorwa na kuwekwa ndani ya sanduku. Ule mwezi haukuwa kwa skrini. Ukiifungua unaona karatasi, balbu, kioo, TV imelala. Yaani ni Sky Fighter ile ile bado iko humo ndani.

Kijana, kama unataka watu wako washangae kwa hiyo presentesheni, nenda pale Kibuye ama mahali popote wanauza plastiki za kufunikia vitabu, nunua ya kijani, gundisha chini ya skrini ya laptopu. Rangi toa kwa programu.

---

kijana_wa_nyalenda

😂😂 Mzee hio nafanya leo. Nilikuwa nimeandika mistari mingi ya kubadilisha rangi wakishuka.

Halafu nimeweka ile foleni. Wanakimbia! Ila sasa ndogo wangu amegundua kitu, wakifika ule mstari wa chini kabisa juu ya mzinga risasi zao zinatokea chini yangu, hazinipati, kwa hivyo anawangoja washuke mpaka hapo ndio anawapiga akiwa salama. Nirekebishe?

---

dev_wa_milimani

USIGUSE. Umeipata bila kutafuta! Hio iko kwa ile ya kwanza pia, risasi ya kiumbe inaanzia chini kidogo ya mwili wake, kwa hivyo akiwa mstari wa mwisho risasi inazaliwa ikiwa imeshakupita. Wajapani walikuwa na jina la hio mbinu, wanaiita mashambulizi ya Nagoya. Inataka roho ngumu maana wakishuka hatua moja zaidi umeisha. Mwambie ndogo wako amefikiria kama watu wa Nagoya wa 1979.

Na kama unajisikia vibaya ukishindwa gemu yako mwenyewe, Nishikado alikubali kwamba yeye si mchezaji mzuri, raundi ya kwanza tu humsumbua.

---

nyar_kibuye

Mimi nilikuwa nimekuja kucheka tu sasa nimesoma mpaka huku chini. Swali langu ni moja, kile chombo chekundu kinapita juu kabisa na kelele, mbona wakati mwingine kinanipa 50 na wakati mwingine 300? Nimeipakua kwa simu tangu mchana na hakuna kazi nimefanya. Ni bahati?

---

dev_wa_milimani

Si bahati dada. Inaonekana bahati ila ni hesabu. Programu inahesabu risasi ZAKO. Risasi ya 23 tangu raundi ianze, ikikipiga hicho chombo ni 300. Baada ya hapo kila ya 15. Kwa hivyo wachezaji wakali walikuwa wanahesabu kimya kimya, wanapiga 22, wanangoja chombo kitokee, wanakipa ya 23, halafu wanahesabu 14, wanangoja tena. Ukiona mtu wa zamani anacheza akitingisha midomo usidhani anaomba. Ila sijui waliokutengenezea hio ya simu kama waliiweka, jaribu.

---

nyar_kibuye

Na zile zimekosa nazo zinahesabiwa?

---

dev_wa_milimani

Zote. Hata ile umetoboa nayo ngome yako mwenyewe.